Siku tano ng'ambo ya pantoni: kutoka Kibada hadi Pemba Mnazi

Safari ilikuwa wiki ya Nanenane, Jumanne hadi Jumamosi, kwa pantoni, daladala, bodaboda na miguu. Maelezo haya yamepangwa baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari lililolowa maji ya chumvi kurasa za katikati na picha zilizopigwa njiani. Njia yenyewe inajulikana: unavuka bahari kutoka Kivukoni, Dar es Salaam, hadi Kigamboni, unaanzia Kibada ambako mji umeshakaa, kisha unafuata pwani kwenda kusini, Gezaulole, Mbutu, Kimbiji, hadi Pemba Mnazi ambako shamba bado ni shamba. Ukienda hivyo unaona jinsi shamba linavyogeuka mji, katika hatua zake zote, ila kinyumenyume, kama anayepekua albamu ya picha za mtu kutoka utu uzima kurudi utotoni.

Siku ya 1, Jumanne. Kivukoni – Kibada

Pantoni ya saa 1 na nusu asubuhi, nauli 200. Saa hizo umati wote unakuja mjini, kwa hiyo anayekwenda Kigamboni anakata maji kinyume na watu na anapata pa kukaa. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016 wenye magari wengi walihamia huko. Mtembea kwa miguu, muuza samaki na mwenye ndoo za maziwa bado wanapita hapa.

Sensa ya 2012 ilikuta watu 162,932 katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kigamboni. Ya 2022 ikakuta 317,902. Hesabu hizo unazisikia mwilini kwenye daladala ya Kibada, nauli 700, ambayo haikuondoka stendi mpaka konda alipokosa pa kuweka mguu wake mwenyewe.

Kibada ni mojawapo ya maeneo ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, pamoja na Gezaulole, Toangoma, Bunju, Mivumoni na Mwanagati. Serikali ilitwaa mashamba, ikalipa fidia, ikapima, ikauza. Alama zake ziko wazi hadi leo: barabara zimenyooka, viwanja vina namba na kitalu, na katikati ya nyumba za bati la msauzi unakuta mwembe mkubwa umesimama kando ya barabara. Hakuna kati ya majirani zake wa sasa aliyeupanda.

Wenye miembe walikwenda wapi? Vijiwe vitatu vya bodaboda vilitoa jibu lile lile: Mwasonga, Kisarawe II, Kimbiji. Walipokea fidia, wakanunua shamba mbele kwa bei ya chini, wakaanza kupanda upya. Kabla Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 haijaanza kutumika Mei 2001, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani. Kilicholipwa ni ulichoendeleza: nyumba, mnazi, mkorosho. Ndiyo maana wazee wa huku hadi leo wanahesabu mali kwa miti. Muulize mzee ana shamba kiasi gani, atakujibu "minazi sitini". Na si hesabu ya kubahatisha: kwa nafasi ya mita 9 kwa 9, ekari moja inabeba minazi 50 hivi.

Siku hizi fidia inatakiwa kuwa na mafungu kadhaa: thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20, pango la miezi 36, na faida iliyopotea kama kulikuwa na biashara. Anayedondoka kwenye orodha ni yule mwenye miti ndani ya shamba la mwenzake, jambo la kawaida kabisa pwani. Siku ya uthamini anayepigwa picha ameshika kibao cha namba ni mwenye shamba, na mwenye miti yake minne yuko baharini au mjini.

Mwendesha bodaboda wa mchana (4,000 kwa mzunguko mzima, pamoja na subira yake) alionyesha nyumba mbili zilizokomea kwenye linta, nyasi zimeota ndani. Alisema ni za wakati wa zuio. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni, watu wakazuiwa kuendeleza wakisubiri fidia, na mpango wenyewe ukaishia njiani. Mtu wa mjini mwenye kiwanja aliweza kusubiri. Aliyekuwa akijenga kwa pesa za korosho hakuweza.

Kwa watakaopita: ukitaka kujua kama eneo limepimwa, usitazame kibao, tazama pembe. Kiwanja kilichopimwa kina bikoni za zege zenye nondo katikati na namba juu. Andika namba hizo, nenda nazo idara ya ardhi ya manispaa, zilinganishwe na ramani ya upimaji. Kinachoharibika mara nyingi ni bikoni yenyewe: inang'olewa na trekta, inafukiwa na kifusi, au nondo yake inaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Iliyong'olewa na kurudishwa husimama imeinama kidogo na udongo wa shimo lake una rangi tofauti na wa pembeni.

Gesti 25,000, maji yapo, feni ipo, usingizi hafifu kwa sababu ya baa ya jirani.

Siku ya 2, Jumatano. Gezaulole

Bodaboda kutoka Kibada 5,000. Chai ya rangi na vitumbua vitano, 1,400, kwa mama mmoja chini ya mkungu. Aliposikia tunatafuta makaburi ya zamani ya Mbwamaji alimwita mwanawe wa darasa la saba, likizo isiyo rasmi, atupeleke. Tulipotaka kumpa kijana kitu, mama alikataa: "Makaburi hayana kiingilio, baba. Msomee tu dua atakayekuwa karibu."

Mbwamaji ni mji mkongwe wa pwani, ulikuwapo kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Mabaki ya msikiti na makaburi bado yapo, yakizungukwa na vichaka na, kwa mbali kidogo, kuta mpya za bloku. Jina Gezaulole lilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilipoanzishwa kijiji cha ujamaa: geza ulole, jaribu uone.

Hapa ndipo penye kiini cha safari nzima, na ni jambo la makaratasi. Gezaulole ilikuwa kijiji. Kijiji kina nafsi kisheria: kinaweza kumiliki, kushtaki na kushtakiwa. Kina halmashauri na mkutano mkuu, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ugawaji wa ardhi yake unapita kwenye vikao hivyo. Mji ulipoifikia, ikawa mtaa. Mtaa una mwenyekiti, una mtendaji, una muhuri, lakini hauna nafsi hiyo wala mamlaka ya kugawa ardhi. Siku ya mabadiliko hakuna aliyehama na hakuna tofali lililowekwa. Ila tangu siku hiyo, njia ya kwenda kisimani, uwanja wa kumcheza mwali, kijia cha kushukia pwani, vyote vikawa vimelala juu ya shamba la mtu fulani, na mtu huyo anaweza kuuza bila kikao chochote kumuuliza njia itapita wapi.

Mchana tuliona mauzo yanavyofanyika kwa vitendo. Shamba la ekari 1 lilikuwa likikatwa viwanja kwa hatua. Huku ekari ni hatua 70 kwa 70, na si mbaya, kwa sababu hatua ya mtu mzima ikiwa sentimita 90 unapata mita 63 kila upande, na ekari ya mraba ni mita 63.6. Tatizo linaanza kwenye kiwanja. Dalali anatangaza "ishirini kwa ishirini", mnunuzi anasikia mita, anayepima ni kijana mfupi anayetembea kwa hatua za sentimita 80. Ishirini zake ni mita 16. Mnunuzi aliyelipia mita za mraba 400 anaondoka na 256. Beba tepu ya mita 50, inauzwa duka la vifaa vya ujenzi lolote, na pima pande zote nne pamoja na mshazari, yaani kona hadi kona ya mkabala. Kiwanja cha 20 kwa 20 chenye pembe sawa kina mshazari wa mita 28.3 pande zote mbili. Mshazari mmoja ukiwa 30 na mwingine 26, kiwanja kimepinda.

Halafu njia. Ekari ile ilikuwa ikatwe viwanja 9, mistari mitatu ya vitatu vitatu. Ukitoa mita 60 kwenye 63.6 inabaki njia ya mita 3.6. Fuso la mchanga linaingia kwa shida, haligeuzi, na mstari mmoja wa viwanja haugusi njia kabisa, unategemea huruma ya jirani wa nje ya shamba. Tulichora mbadala kwenye daftari, juu ya tangi la bodaboda: njia ya mita 6 katikati, pande zote mbili viwanja 4 vya mita 15.9 kwa 28.8. Vinatoka viwanja 8, kila kimoja mita za mraba 458, na kila mlango unatazama njia. Mwenye shamba anapoteza kiwanja kimoja kwa hesabu ya idadi, lakini viwanja vyake ni vikubwa zaidi na havina ugomvi. Dalali aliutazama mchoro, akasema ni mzuri, akaendelea kupima vya kwake. Yeye analipwa kwa kiwanja.

Chakula cha mchana wali wa nazi na changu 4,000. Nazi ilitoka dukani, mama alisema. Minazi ya nyuma ya banda lake iliuzwa na shamba mwaka juzi.

Siku ya 3, Alhamisi. Gezaulole – Mbutu kwa ufukweni

Mwezi ulikuwa unakaribia kupevuka, bamvua, siku za maji makubwa. Siku kama hizo maji hukupwa asubuhi na kujaa alasiri, kwa hiyo tuliondoka saa 2 asubuhi kutumia mchanga mgumu. Ukichelewa unakwama, na sababu ya kukwama ndiyo habari ya siku hii.

Zamani maji yakijaa watu walipanda juu na kufuata kijia cha nyuma ya minazi. Sasa kijia hicho kinakatika kwenye ukuta, kinaonekana tena baada ya nyumba, kinakatika tena. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tulipima sehemu nne kwa tepu ile ile, kuanzia alama ya juu ya maji, ule mstari wa majani makavu na vifuu. Sehemu mbili ukuta ulikuwa chini ya mita 20. Moja ulikuwa umeshaliwa na mawimbi upande wa chini, nondo nje. Ukuta wa namna hiyo ni hasara kwa mwenyewe pia: wimbi likigonga kitu kilichosimama wima linachimba mchanga miguuni pake, na majirani wa pande zote mbili wanapoteza ufukwe.

Ukuta unakuja kabla ya nyumba, na una sababu. Mnunuzi anakaa mbali, anaogopa kuuziwa mara mbili. Kuzungushia kiwanja cha 20 kwa 20 ukiacha geti la mita 4 kunataka mita 76, yaani bloku 160 kwa kozi moja, mstari mmoja wa kuzunguka. Kozi 8 ni bloku 1,280 kabla ya msingi. Kuna wanaomaliza pesa hapo hapo, na geti linapata kutu bila nyumba ndani. Wenyeji walikuwa wakipanda minyaa au makonge mpakani, kazi ya siku moja na gharama karibu na sifuri, na jirani aliweza kupita.

Kwenye diko moja, yaani bandari ndogo ya wavuvi, kabla ya Mbutu wavuvi walikuwa wakishusha dagaa. Njia yao ya kupandisha samaki barabarani inapita kwenye geti. Mlinzi hufungua alfajiri na kufunga saa 12 jioni, kwa makubaliano ya mdomo na mwenye kiwanja aliyepo. Wavuvi wanamsifu mwenye kiwanja huyo, na kweli ni mwungwana. Lakini akiuza? Waliangaliana. Mmoja akasema, "Tutamsalimia atakayekuja."

Saa 8 mchana maji yalishafika ukutani. Hapo ndipo daftari lilipolowa. Kijana mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu alitushika mkono mmoja mmoja kupita kwenye pembe ya ukuta, akatufikisha hadi kwa shangazi yake Mbutu tulikolala, kwa kuwa gesti ya karibu ilikuwa imejaa watu wa sikukuu. Hawakutaka hela. Tulinunua sukari kilo 2, 6,000, ikapokewa.

Baba mwenye nyumba ni mlinzi wa shamba la ekari 3 ambalo aliliuza mwenyewe. Hali hiyo imejaa ukanda wote huu na watu wa mjini huielewa vibaya, kama mkasa wa mtu aliyedanganywa. Hakudanganywa. Aliuza akijua, akasomesha watoto wawili, akaezeka nyumba anayoishi kwenye robo ekari iliyobaki. Analipwa 150,000 kwa mwezi na anaruhusiwa kulima. Ila sharti la kulima lina kipengele kimoja: mihogo, kunde, mchicha, sawa, mti, hapana. Mwenye shamba anajua anachokikwepa. Mti ukikaa unazaa madai. Matokeo yake ni kwamba mashamba yanayosubiri kujengwa, miaka 10 au 15, yanageuka mihogo mitupu, na minazi iliyozeeka haina mbadala.

Usiku kisamvu cha nazi na ugali, na hadithi za fisi wa Mbutu ambazo haziingii kwenye maelezo haya.

Siku ya 4, Ijumaa, Nanenane. Mbutu – Amani Gomvu – Kimbiji

Bodaboda 8,000, vumbi la kutosha kupanda mchicha kichwani. Kwa kuwa ni sikukuu, barabara ilijaa magari ya watu wanaotazama viwanja, familia nzima na watoto na jokofu la soda. Madalali walikuwa na mabango yao kila njiapanda. Jambo la kusema ukweli: nusu ya bei inalipwa kwa ajili ya barabara, umeme na maji ambavyo havijafika, na mwenyeji hapati nusu hiyo. Alishamuuzia mnunuzi wa kwanza miaka mitano nyuma. Anayepata ni wa katikati.

Kimbiji tulikaa barazani kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa mjumbe, tukamwomba atueleze mauzo yanayokuja kuharibika huharibikia wapi. "Shikamoo" tatu na kahawa mbili baadaye, orodha yake ilikuwa fupi.

Kwanza urithi. Baba amekufa, shamba halijagawiwa, mtoto mmoja anauza kona. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo, na kabla ya hapo ukoo unakaa kikao na kuandika muhtasari. Muhtasari peke yake hautoshi. Mnunuzi adai fomu ya usimamizi yenye muhuri wa mahakama na saini za warithi wote wazima, wakiwemo mabinti walioolewa mbali, maana hao ndio hurudi baada ya msingi kumwagwa.

Pili mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa iandikwe, na aiandike mwenyewe akiwapo, si kupelekewa karatasi jikoni.

Tatu majirani. Mkataba usio na saini za majirani wa mipaka yote minne ni karatasi ya kufungia karanga. Mzee aliongeza: jirani asaini akiwa amesimama mpakani, siyo ofisini.

Nne muhuri. Katika mitaa mingi mnunuzi huombwa asilimia ya bei, mara nyingi 10, ili mkataba ugongwe. Wizara ya Ardhi imeshawakataza viongozi wa mitaa zaidi ya mara moja kujifanya mamlaka ya ardhi. Muhuri ule unasema tu kwamba watu hawa wanajulikana hapa. Hauhamishi umiliki na hauzuii kiwanja kuuzwa tena kesho.

Ugomvi ukitokea, watu hukimbilia Baraza la Kata wakitegemea hukumu. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, ndani ya siku 30, na likishindwa shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nauli ya Kimbiji hadi wilayani kwa kila tarehe ya kesi, mara mashahidi watatu, inammaliza mwenye madai kabla hoja zake hazijasikilizwa.

Jioni, maji. Kimbiji imekaa juu ya hazina kubwa ya maji ya chini, na visima virefu vimechimbwa kwa ajili ya jiji. Kwenye nyumba za ufukweni hali ni tofauti. Maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi, na kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inasimamia kama mita 40 chini yake. Pampu ya nyumba ya wageni ikishusha usawa kwa mita moja, mpaka wa chumvi unaweza kupanda kwa makumi ya mita, na kisima kifupi cha jirani, kilichochimbwa kwa jembe enzi za babu, ndicho kinachoonja kwanza. Usipime maji ya kisima asubuhi pampu ikiwa imelala. Iwashe nusu saa, ndipo uonje. Tuliyemkuta akinunua maji ya boza alikuwa na kisima cha mita 6 uani, amekifunika kwa bati na kuweka jiwe.

Mkwezi mmoja alipita na kamba begani. Kukwea mnazi anapewa 1,000, kuuangusha 30,000. Mwezi ule alikuwa amekwea siku 4.

Gesti 20,000. Supu ya pweza ya stendi, usiikose.

Siku ya 5, Jumamosi. Pemba Mnazi na kurudi

Bodaboda kwenda na kurudi 15,000, barabara ya mchanga, dereva anashuka mara tatu kusukuma. Mvua za masika hapa hapapitiki. Njoo kati ya Julai na Oktoba.

Huku hatua zote zilizotangulia zinaonekana zikiwa mbegu. Minazi bado imefungana, nyumba za udongo na makuti zina nafasi, na kwenye mti mmoja wa njiapanda kuna kibao kimoja tu: SHAMBA LINAUZWA, namba ya simu, na nyuma yake mchoro wa goli uliochorwa na watoto.

Familia moja ilikuwa imeamua kuuza ekari 2 kati ya 7. Wakubwa wanne wa ukoo walikuwapo, na binti yao aliyeolewa Mbagala alikuja siku moja kabla. Kabla ya kumwita mnunuzi walimlipa mpimaji mwenye leseni, lakini hata kabla ya mpimaji walifanya kazi ya jembe: njia ya kwenda pwani, ambayo kila mtu anaijua na hakuna aliyewahi kuiandika, waliipima mita 6 kwa kamba, wakapanda minyaa pande zote mbili, kutoka barabarani mpaka mchangani. Makaburi mawili waliyazungushia vivyo hivyo, na mita 3 za kupitia jeneza. Mpimaji akaambiwa: chora hivi vilivyo, ndipo ukate viwanja. Vikiwa kwenye mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, njia inakuwa njia na haiwezi kuuzwa na yeyote, hata wao.

Tuliuliza ni nani aliyewafundisha. Shemeji mkubwa, aliyekuwa akimwagilia minyaa kwa kopo la rangi, alisema baba yao alikuwa na shamba Kibada. Alilipwa minazi yote, senti kamili, akahamia huku. "Lakini alikuwa akienda kuzuru kaburi la mama yake anabisha hodi kwenye geti."

Minyaa ilikuwa na urefu wa kiganja. Mbuzi wa jirani walikuwa wameshakula kama mita 10 upande wa kusini, na watoto wawili waliwekwa zamu.

Daladala Kimbiji hadi Kigamboni kupitia Kibada 3,000, saa mbili na nusu kwa sababu ya michepuko ya ujenzi wa barabara. Pantoni 200. Gharama yote kwa mtu mmoja, siku tano, usiku nne, ilikuwa 145,000, na ingekuwa 165,000 kama tusingelala kwa watu Mbutu. Atakayekwenda achukue tepu, viatu vya kulowa, chenji za noti ndogo, na sukari.